Msumeno mdogo wa diski: angalia nini kabla ya kutoa franga zako



Ukiingia kazini, iwe shimoni, iwe kiwandani, hakuna anayekuacha upite bila kofia, viatu vya kazi na miwani. Ukifika mbele ya mashini usiyoijua, kapita anakuuliza: umefundishwa mashini hii? Kama hujafundishwa, huigusi. Lakini siku ya mapumziko, katika parseli yako, wewe ndiwe kapita na wewe ndiwe mfanyakazi, na hakuna wa kukuuliza kitu. Unavaa babushi miguuni, mtoto amesimama karibu anaangalia, na mashini inanguruma.

Somo letu la leo ni juu ya mashini moja ambayo wengi wanainunua siku hizi: msumeno mdogo wa umeme wenye diski, ule ambao mafundi wa mbao wanauita sirkileri. Zamani ulikuwa kitu cha atelye tu. Leo unauzwa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, mpya na uliokwisha kutumika. Ni chombo kizuri. Mwenye msumeno wa mkono anatoa jasho asubuhi nzima juu ya mbao za paa la jiko. Mwenye sirkileri anamaliza mapema, na mbao zake zimenyooka. Hatutaki kukukataza. Tunataka uchague ule unaofaa kazi yako, mkono wako na umeme wa nyumba yako, kwa sababu mashini isiyofaa kazi ndiyo mtu anayoilazimisha, na mashini inayolazimishwa ndiyo inayokata vidole.

Kwanza, unakata nini?

Usianzie kwenye bei, wala kwenye rangi ya mashini. Anzia kwenye mbao. Chukua meta, pima unene wa mbao unazozikata mara nyingi. Kwa kazi za nyumbani utakuta triplexi za plafo na za kabati, ambazo ni milimeta chache. Mbao za mlango, meza na kitanda, sentimeta 2 au 3. Na miti ya paa, sentimeta 5, mara ingine 7.

Sasa ujue jambo hili ambalo mwuzaji hakuambii: diski haikati kwa upana wake wote. Katikati kuna ekseli na moteri, kwa hiyo sehemu inayoingia ndani ya mbao haifiki hata nusu ya upana wa diski. Msumeno mkubwa wa diski ya mm 190 unakata mbao nene ya mm 65 hivi. Wa mm 165 unakata karibu mm 55. Wa mm 136 unafika karibu 50. Ule mdogo wa mm 115 unaishia karibu 40, na ule mdogo kabisa wa mm 85, ambao mtu anaushika kwa mkono mmoja kama chupa, unakata karibu mm 25. Tena, ukiinamisha diski ili kukata pembe ya digri 45, unene unapungua: ule wa mm 165 unashuka hadi mm 40 hivi.

Kwa hesabu hiyo, sisi tunaona kwamba kwa mtu anayejenga nyumba yake na kutengeneza vitu vyake, msumeno wa mm 165 ndio unaofaa zaidi. Mti wa sentimeta 5 unakatika mara moja. Mti wa sentimeta 7 unaukata upande mmoja, unaugeuza, unamalizia upande wa pili; ni kazi ya dakika moja zaidi, haina haja ya mashini kubwa. Kama kazi yako ni triplexi na mbao nyembamba tu, ule wa mm 115 au 85 utakutosha, nao hautakuchosha. Ule wa mm 190 uachie fundi ambaye kila siku anakata miti ya paa.

Ukinunua mdogo kupita kazi yako, utausukuma kwa nguvu, moteri itaungua, diski itabanwa. Ukinunua mkubwa kupita mkono wako, utakushinda siku ile umechoka.

Uzito

Msumeno wa mm 190 wenye waya una kilo 4 hadi 5. Wa mm 165 wenye batri una kilo 3 hivi pamoja na batri yake. Wa mm 85 haufiki kilo 2. Kilo moja si kitu ukiwa dukani. Lakini uishike kilo hiyo kwa mikono iliyonyooka, mara hamsini, nyuma ya posti ya usiku, utaona tofauti. Kwa hiyo pale dukani ushike mashini kwa mikono miwili, uinyooshe mbele yako, uhesabu polepole mpaka thelathini. Kidole chako kinafika vizuri kwenye swichi? Mkono wa pili una mahali pa kushika? Unaona vizuri mahali diski inapoingia kwenye mstari bila kuinamisha kichwa juu ya diski? Misumeno mingine ina diski upande wa kushoto wa moteri, mingine upande wa kuume. Kwa anayetumia mkono wa kuume, diski ya kushoto inaonyesha mstari vizuri zaidi. Wewe wa mkono wa kushoto, jaribu zote mbili kabla ya kulipa.

Lakini usidanganyike na neno hili «nyepesi». Mashini ni nyepesi kwa mkono unaoibeba, si nyepesi kwa kidole kinachoigusa. Tupige hesabu. Diski ya mm 165 inayozunguka mara 5.000 kwa dakika, jino lake linasafiri zaidi ya meta 40 kwa sekunde moja. Ni zaidi ya kilomita 150 kwa saa. Kama jino lile lingepewa njia ya kwenda Kolwezi, likitoka Lubumbashi, saa moja ingelikuta limekwisha kupita Likasi. Hakuna mkono wa mtu unaowahi kujiondoa mbele ya kitu kama hicho.

Kifuniko cha diski: hapa simama muda mrefu

Kila msumeno wa namna hii una vifuniko viwili. Cha juu hakitikisiki. Cha chini kinajisogeza: ukisukuma msumeno ndani ya mbao, kinarudi nyuma na kuacha meno yakate, ukiutoa, resoru inakivuta na kinafunika meno tena. Kifuniko hicho cha chini ndicho kinacholinda paja lako unaposhusha mashini wakati diski ingali inazunguka.

Kabla ya kununua, hakikisha mashini haina umeme wala batri. Sukuma kifuniko cha chini kwa kishikio chake mpaka mwisho, kisha ukiachilie. Kinapaswa kurudi chenyewe, upesi, na kusikika «tak!». Fanya hivyo mara kumi: mashini ikiwa imesimama, ikiwa imelala, ikiwa inaangalia juu. Kama hata mara moja kinakwama katikati, rudisha mashini ile kwa mwenyewe, hata kama bei yake ni ya zawadi.

Kwa mashini iliyokwisha kutumika, angalia tena karibu na kifuniko: kuna alama ya waya? Kuna tundu lililotobolewa, au kijiti kilichobanwa? Maana yake ni kwamba mwenyewe wa kwanza alikifunga kifuniko kikae wazi. Wengine wanafanya hivyo ili kuona mstari vizuri. Wengine wanaupindua msumeno juu chini, wanaufunga chini ya meza iliyotobolewa, wanapata «mashini ya atelye» kwa bei rahisi. Ndugu, mashini ya atelye ina kisu kidogo nyuma ya diski kinachozuia mbao isibane, ina kifuniko juu ya diski, na ina swichi kubwa ya kuzimia karibu na goti. Msumeno uliopinduliwa hauna kimoja kati ya hivyo. Una meno yaliyo wazi katikati ya meza, na mikono miwili inayosukuma mbao kuyaelekea.

Yale mengine ya kuangalia dukani hayachukui muda. Omba mwuzaji aiwashe. Mwuzaji wa haki hakatai. Achilia swichi, hesabu: msumeno wenye breki unasimama katika sekunde mbili au tatu, usio na breki unaweza kuendelea kuzunguka hata ukahesabu mpaka kumi. Kama una franga za kuongeza, ziongeze juu ya breki, si juu ya nguvu ya moteri. Angalia kama kuna kidude cha kubonyeza kwanza kabla swichi haijakubali. Kidude hicho kinasaidia siku mtoto anaposhika mashini. Kisha weka kitako cha mashini, ile sahani ya chuma inayolala juu ya mbao, juu ya kioo au meza iliyonyooka. Kama kinacheza-cheza, kimepinda, na mashini ilikwisha kuanguka. Diski haitakwenda sawa na kitako, nayo itajibana yenyewe ndani ya mbao.

Soma maandiko ya bati

Kila mashini ina bati dogo au karatasi iliyobandikwa. Isome mwenyewe, au umpe mwanafunzi wa nyumbani aisome. Huku kwetu umeme ni volti 220. Mashini iliyoandikwa 110 V au 120 V, kama zile zilizotumika kule Marekani, ukiichomeka kwenye prizi yetu itatoa moshi. Usisahau: hata msumeno wa batri, kile chombo cha kujaza batri kinaweza kuwa cha volti 120. Tafuta pia alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa. Maana yake mashini ina kinga mbili za umeme ndani yake, na haidai waya wa ardhi. Kama kasha limepasuka, alama ile haina kazi tena.

Waya au batri?

Msumeno wenye waya ni wa bei nafuu na hauchoki muda umeme upo. Lakini unadai umeme mzuri. Tuseme una wati 1.200: unakunywa ampere 5 na nusu, na wakati wa kuanza au wa kubanwa unakunywa mara kadhaa zaidi. Ralonji nyembamba kama uzi wa redio haiwezi. Moteri inapungukiwa na volti, inazunguka kwa shida, wewe unasukuma, inapata moto. Kwa meta chache tumia ralonji yenye waya wa mm² 1,5. Ukikwenda mbali mpaka nyuma ya parseli, mm² 2,5. Na ralonji ya kwenye rola uifungue yote, kwani ikibaki imezungushwa inapata moto mpaka plastiki inayeyuka. Wenye kutumia grupu ya umeme wajue kwamba grupu ya kilowati 1 haitauanzisha vizuri msumeno wa wati 1.200.

Msumeno wa batri hauna waya wa kukata, na hilo ni jambo kubwa, kwa sababu waya uliokatwa na diski umekwisha kupiga watu umeme. Tena umeme ukikatika, wewe unaendelea. Jaza batri wakati umeme upo, fanya kazi wakati haupo. Kwa sisi ambao umeme wetu unakuja na kuondoka, tunaona batri ni chaguo zuri kama unaweza kulipa. Lakini nunua batri mbili, na uulize kwanza kama batri za aina ile zinapatikana katika mji wako, maana mara nyingi batri ya mtengenezaji mmoja haingii katika mashini ya mwingine.

Hapa kuna mtego. Mwuzaji atakuambia: «Papa, angalia, hii ni volti 88! Hii ni 128!» Usibishane naye, piga hesabu. Seli moja ya lithiamu inatoa volti 3,6. Batri ya kawaida ya msumeno ina seli 5 zilizofuatana: 5 mara 3,6 ni volti 18. Ili kupata volti 88 zingetakiwa seli zaidi ya 20 zilizofuatana, na batri ile ndogo mkononi mwako haina nafasi yake. Anayedanganya juu ya namba iliyoandikwa nje, utamwamini vipi juu ya resoru iliyo ndani ya kifuniko?

Batri ya lithiamu isikae juani, isifunguliwe, isijazwe usiku karibu na pazia au godoro watu wakiwa wamelala. Ikivimba, ipeleke nje ya nyumba na usiijaze tena.

Diski yenyewe

Angalia mambo matatu yaliyoandikwa juu ya diski: upana wake, tundu la katikati (mm 20 kwa nyingi za 165, mm 30 kwa nyingi za 190), na mizunguko ambayo haipaswi kupita. Namba hiyo ya mizunguko iwe kubwa kuliko ile ya mashini. Usitoboe diski kupanua tundu lake, wala usijazie kwa kipande cha bati.

Meno machache, 24 hivi, yanakata upesi na kuacha mbao ikiwa na manyoya: ni mazuri kwa miti ya paa. Meno 40 yanakata polepole na safi: ni mazuri kwa triplexi. Diski butu ni hatari kuliko diski kali, sababu inakulazimisha kusukuma. Ukiona mbao inatoa moshi, meno yamekwisha.

Na vile vidonge vya kijivu kwenye ncha za meno, unajua ni nini? Ni punje za madini magumu ya tungsten, zilizoshikanishwa na kobalti. Ndiyo, kobalti ile ile inayotoka Kolwezi na Likasi. Nchi yetu ndiyo inayochimba sehemu kubwa kuliko zote duniani. Huenda jino la diski yako limepita mikononi mwenu kabla ya kuzunguka dunia na kurudi sokoni. Lakini tunalitaja kwa sababu nyingine. Mtu akinoa meno hayo kavu kwa jiwe la umeme, vumbi lake lina kobalti na tungsten, nalo linaharibu mapafu vibaya. Usiyanoe nyumbani. Nunua diski mpya, au mpelekee fundi mwenye mashini ya kunoa kwa maji.

Diskezi si msumeno

Tunafika kwenye jambo linalotuuma zaidi. Ndugu wengi wana diskezi nyumbani, ile mashini ya kukata na kusugua chuma. Mtu anasema: kwa nini ninunue mashini ya pili? Nitafunga diski ya meno ya mbao juu ya diskezi yangu, basi. Usifanye hivyo.

Diskezi ya mm 115 inazunguka karibu mara 11.000 kwa dakika, zaidi ya mara mbili ya msumeno. Diski nyingi za mbao hazikutengenezwa kwa mwendo huo. Jino likiruka, linakwenda kama risasi. Kifuniko cha diskezi kinafunika nusu tu, wala hakijifungi chenyewe. Haina kitako cha kulala juu ya mbao. Unaishika hewani, na ukitikisika kidogo diski inapinda ndani ya mbao. Jino linapouma mbao na kukwama, diski haisimami: mashini nzima ndiyo inayozunguka, inakuja shingoni, usoni au kwenye paja. Na nyingi zina swichi inayobaki imewashwa. Ikikutoka mkononi, inaendelea kukimbia chini kati ya miguu yako.

Hata ukikuta dukani diski ya meno iliyoandikwa kwamba inafaa diskezi, shauri letu ni moja. Kama huna franga za msumeno mdogo mwezi huu, tumia msumeno wa mkono mwezi huu.

Siku ya kwanza ya kuutumia

Pima kina cha diski kabla ya kukata: meno yatokee chini ya mbao kidogo tu, pasipo kupita urefu wa jino moja. Diski iliyoshushwa yote inaongeza meno chini, pale ambapo macho hayaoni na vidole vinashika.

Kosa linaloumiza wengi ni hili: mtu anaweka ubao mrefu juu ya viti viwili, kimoja huku, kingine kule, anakata katikati. Ubao unalegea, mstari unajifunga, unabana diski, na msumeno unaruka nyuma kumwelekea kama punda anayepiga teke. Shikiza ubao karibu na mahali pa kukata, na kile kipande kinachoondoka ukiache kianguke huru. Simama kando ya mstari wa diski, usisimame nyuma yake. Mikono miwili juu ya mashini, mbao imefungwa kwa vibanio, si kwa goti, wala si kwa mkono wa mtoto. Diski ikibanwa, achilia swichi, ngoja isimame ndani ya mbao, ndipo uitoe. Usiurudishe msumeno nyuma wakati inazunguka. Na kila mara unapobadilisha diski, chomoa prizi au toa batri kwanza. Hili kazini tunalijua: hatutengenezi mashini yenye umeme.

Usipande na msumeno juu ya paa. Pima juu, kata chini, pandisha mti uliokatwa.

Mbao za zamani zikague, utoe misumari yote. Na zile mbao za makasha na paleti zilizobeba dawa za kiwandani, zisiletwe nyumbani hata kidogo: ukizikata, dawa iliyozama ndani inakuwa vumbi, na vumbi linaingia kwenye sahani za watoto.

Vumbi na kelele

Mchimba madini tayari ana vumbi la kazini la kujilinda nalo. Asiongeze lingine. Vumbi la mulombwa na la kambala linawasha pua, macho na ngozi, na kwa wengine linaleta pumu. Tena mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa kansa lenye makao Lyon, Ufaransa, liliandika vumbi la mbao katika orodha ya vitu vinavyoleta kansa kwa watu, hasa kansa ya pua. Kwa hiyo kata nje, upepo ukipiga kutoka mgongoni kwako, na uvae kinga ya pua na mdomo. Kitambaa kilichofungwa usoni hakizuii vumbi laini. Ukimaliza, usipepete nguo ndani ya nyumba.

Kelele ya msumeno inafika desibeli 100 hivi. Kwa hesabu inayotumiwa na waganga wa kazi, sikio linavumilia desibeli 85 kwa saa 8, na kila zinapoongezeka 3 muda unagawanywa kwa mbili. Ukifika 100 zinabaki dakika 15. Vaa kinga ya masikio hata kwa kazi ndogo, sababu masikio yaliyochoka kazini hayapati mengine nyumbani.

Mama wa nyumba, sehemu yako

Mama, wewe una haki ya kusimamisha kazi hiyo. Ukimwona baba amevaa babushi, au amekunywa pombe, au ametoka posti ya usiku bila kulala, mwambie aiache mpaka kesho. Mbao haziozi kwa siku moja. Weka watoto mbali, angalau meta tano, kwani kipande cha mbao kinaruka. Mbabula yenye moto isikae karibu na vumbi la mbao. Moto unaingia ndani ya vumbi bila kuonekana na unawaka usiku. Kazi ikiisha, batri itolewe na ifungiwe mahali pake, msumeno mahali pengine, na funguo ukae nazo wewe.

Kama ajali imetokea

Achilia mashini, chomoa prizi. Kandamiza kidonda kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kufunua-funua kuangalia, na uinue mkono juu kuliko moyo. Usitie petroli, kahawa, majivu, wala dawa ya meno. Kama kidole kimekatika kabisa, kitafute. Kifunge katika kitambaa safi kilicholowa maji safi kidogo, ukitie ndani ya mfuko wa plastiki, uufunge vizuri, kisha weka mfuko huo ndani ya chombo chenye maji na barafu. Kidole chenyewe kisiguse barafu wala maji. Mtu na kidole chake waende hospitali pamoja, bila kungoja gari la bure au ruhusa ya jamaa, kwani saa ndizo zinazoamua kama munganga ataweza kukirudisha. Na pale hospitali, hata kwa kidonda kidogo cha diski, uliza juu ya sindano ya pepopunda.